Nyambizi U-852 na saa tano baada ya Peleus kuzama

Katika majedwali ya nyambizi za Ujerumani za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, U-852 haichukui hata nusu ukurasa. Iliundwa katika kiwanda cha AG Weser mjini Bremen, ikashushwa majini Januari 1943, ikaanza utumishi tarehe 15 Juni mwaka huohuo, na tarehe 18 Januari 1944 ikang'oa nanga Kiel kwa safari yake ya kwanza ya vita, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ilikuwa na kamanda mmoja tu, Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg ambaye alikuwa hajatimiza miaka 28 siku alipoondoka bandarini. Ilizamisha meli mbili, ambazo kwa pamoja hazikufika tani 10,000. Tarehe 3 Mei 1944 ikapwelewa katika pwani ya Somalia, na jedwali likafungwa.

Mtu akilisoma jedwali hilo ataona chombo ambacho hakikubahatika, kwa kuwa baadhi ya nyambizi za aina yake zilirejea na hesabu ya meli kumi na zaidi. Majedwali ya vita vya baharini hupima kazi ya nyambizi kwa tani zilizozamishwa, na kipimo hicho husimama pale meli inapotoweka chini ya maji. Kwa U-852, jambo zito kuliko yote lilianza hapo hapo kipimo kinaposimama. Lilichukua saa tano, usiku wa tarehe 13 Machi 1944, watu wa nyambizi walipowafyatulia risasi manusura wa meli Peleus waliyokuwa wameizamisha, na kwa sababu yake kamanda, afisa wake mmoja na daktari wake walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi tarehe 30 Novemba 1945. Eck ndiye kamanda pekee wa nyambizi za Ujerumani za vita hivyo aliyeuawa kwa hukumu ya kosa la kivita lililotendwa baharini. Utetezi wake, kwamba alilazimika kufanya aliyoyafanya ili chombo na watu wake wasalimike, ungali unarudiwa na wasomaji wa historia ya vita, na wengi wao si watu wakatili hata kidogo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba utetezi huo unaanguka kwa hesabu zake wenyewe, kabla hata mtu hajauliza habari ya huruma.

U-852 ilikuwa ya aina ya IXD2, nyambizi kubwa zilizobuniwa kwa ajili ya bahari za mbali. Urefu wake ulikaribia mita 88, iliweza kubeba torpido 24, na mafuta yake yaliitosha kwenda zaidi ya maili 20,000 za baharini bila kujazwa tena. Eck alitakiwa kuishuka Atlantiki yote, kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kuingia Bahari ya Hindi na kwenda kujiunga na kundi la Monsun, lililokuwa na kituo chake Penang katika Malaya iliyokaliwa na Wajapani. Kundi hilo lilipewa jina la pepo za msimu, zilezile ambazo mabaharia wa majahazi ya pwani yetu huziita kaskazi na kusi. Ndani ya chombo mlikuwamo pia kifaa kilichoitwa Bachstelze, mfano wa tiara kubwa lenye mapanga yanayozungushwa na upepo. Mlinzi mmoja aliketi juu yake, nyambizi ikamvuta kwa waya, naye akapaa zaidi ya mita 100 ili aone mbali kuliko wenzake waliosimama kwenye mnara. Kifaa hicho kinaeleza upweke wa kazi yenyewe. Nyambizi huelea chini mno, upeo wake wa kuona ni mfupi, na katika bahari pana mtu huweza kukaa wiki nzima bila kuona hata moshi wa meli.

Ukubwa huo ulikuwa na gharama yake. Chombo kirefu huchelewa kuzama kinapoamriwa kupiga mbizi, na kufikia mwaka 1943 ndege za Marekani na Uingereza zilikuwa zimekwisha jifunza kuzivizia nyambizi hata katikati ya Atlantiki. Nyambizi nne za aina hiyohiyo, zenye namba zilizotangulia kidogo tu namba ya Eck, yaani U-847, U-848, U-849 na U-850, zilizamishwa zote na ndege kati ya Agosti na Desemba 1943. Mbili kati yake ziliangamizwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Ascension, katika njia ileile ambayo Eck alitakiwa kupita. Kabla ya kuondoka, Adalbert Schnee, kamanda mzoefu aliyekuwa akifanya kazi katika makao makuu ya nyambizi, alimweleza wazi habari za vifo hivyo na kumwonya kwamba mabaki yanayoelea baada ya meli kuzama huweza kuwaonyesha marubani kwamba nyambizi iko karibu. Kwa hiyo hofu ya Eck haikuwa ya kubuni, na yeyote anayemhukumu bila kuitia hofu hiyo katika mizani anajirahisishia kazi.

Peleus ilikuwa meli ya mizigo ya Kigiriki iliyoundwa 1928, na wakati huo ilikuwa imekodiwa na serikali ya Uingereza. Iliondoka Freetown tarehe 8 Machi 1944 ikielekea Amerika ya Kusini, na mabaharia wake zaidi ya 30 walikuwa wa mataifa kadhaa: Wagiriki wengi, Waingereza, pamoja na Wachina na Wamisri. Jioni ya tarehe 13 torpido mbili ziliipiga, nayo ikazama upesi mno hata mashua za kuokolea hazikuweza kushushwa. Waliobaki hai walishika mbao na kupanda vyelezo, yaani yale majukwaa ya kuokolea ambayo meli za wakati ule ziliyabeba juu ya sitaha, yakiwa yametengenezwa kwa namna ambayo meli ikizama yenyewe huelea. Msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu kila kilichofuata kiligonga mwamba huo.

Eck aliisogeza nyambizi kati ya mabaki. Watu wawili, mmoja wao afisa wa tatu wa Peleus aliyeitwa Agis Kephalas, waliitwa karibu, wakahojiwa jina la meli, ilikotoka na ilikokwenda, kisha wakarudishwa kwenye chelezo chao. Baada ya hapo Eck aliwaeleza maofisa wake kwamba ameamua kuharibu kila kitu kinachoelea ili asiache dalili. Afisa wa zamu wa kwanza, Gerhard Colditz, alipinga, na mhandisi mkuu, Hans Lenz, akapinga pia. Eck akashikilia uamuzi wake. Bunduki za rashasha zikaletwa juu pamoja na mabomu ya kutupa kwa mkono, na nyambizi ikaanza kupita katika giza kutoka chelezo kimoja hadi kingine. Baadaye alieleza mahakamani kwamba shabaha yake ilikuwa vyelezo, si watu. Lakini alikiri kwamba kuviharibu kulimaanisha kifo cha waliokuwa juu yake, na katikati ya Atlantiki hakuna tafsiri nyingine inayowezekana. Baada ya saa kama tano, usiku wa manane ukiwa umekwisha pita, nyambizi iliondoka. Vyelezo vilikuwa vingali vinaelea.

Hapa ndipo utetezi wa ulazima wa kivita unapaswa kupimwa kwa kipimo chake wenyewe. Lengo lilikuwa kutoacha dalili. Lakini doa la mafuta ya meli iliyozama haliondolewi kwa risasi, wala mbao zilizotawanyika eneo pana haziwezi kukusanywa usiku. Risasi hutoboa chelezo, haizamishi kitu kilichoundwa kisizame. Saa ya kwanza ilitosha kumwonyesha mwanamaji yeyote kwamba kazi ile haifanikiwi, na bado iliendelea saa nyingine nne. Wakati huohuo kulikuwa na kinga moja ya kweli dhidi ya ndege za Ascension, nayo ilikuwa umbali. Nyambizi ya IXD2 ilikwenda kasi juu ya maji kuliko meli nyingi za mizigo. Hata tukiichukulia kasi ya wastani ya noti 15 tu, yaani maili 15 za baharini kwa saa, saa tano zile zingemweka Eck maili 75 mbali na mahali pale, na ukizijumlisha na saa zilizobaki hadi mapambazuko angekuwa mbali maradufu. Mtu anayeogopa kuonekana asubuhi hakai nusu ya usiku mahali ambapo anaamini ndege zitakuja kuangalia. Swali hilo liliulizwa mahakamani pia, kwamba je, si afadhali angeondoka kwa kasi yote aliyokuwa nayo, na halikupata jibu la kuridhisha.

Liko jambo la pili, ambalo Eck hakuweza kulijua usiku ule lakini sisi tunalijua, nalo linatusaidia kupima ukubwa wa hatari aliyoidai. Watu wanne walinusurika risasi: afisa wa kwanza Antonios Liossis, aliyejeruhiwa mgongoni na vipande vya bomu la mkono, Kephalas, ambaye mkono wake uliumizwa vibaya, pamoja na mabaharia Dimitrios Argiros na Rocco Said. Kephalas alikufa baada ya siku 25 kwa majeraha na mateso ya bahari. Watatu waliobaki waliokotwa na meli ya Kireno, Alexandre Silva, tarehe 20 Aprili. Chelezo chenye watu hai kilielea siku 38, na katika siku zote hizo hakuna ndege wala manowari iliyokuja kuwachukua. Dalili ambayo Eck aliona ni hatari ya kufisha asubuhi ya kwanza haikuonwa na mwokozi yeyote kwa zaidi ya mwezi mzima.

Tarehe 1 Aprili, wakati wale wanne wangali wanaelea, U-852 iliizamisha meli ya Uingereza Dahomian karibu na Cape Town. Hapo bara lilikuwa karibu sana na doria za anga zilikuwa nyingi kuliko katikati ya Atlantiki, kwa hiyo hoja ya kufuta dalili, kama ingekuwa kanuni ya kweli ya usalama, ingepaswa kuwa na nguvu zaidi. Eck hakubaki kuharibu kitu. Watu wawili wa meli hiyo walikufa katika shambulio, waliobaki wakaokolewa, na mashtaka ya baadaye hayakuigusa Dahomian hata kidogo. Zipo sababu za kawaida zinazoweza kueleza tofauti hiyo, ikiwemo kwamba karibu na pwani hapakuwa na muda wa kupoteza. Lakini hilo lenyewe ni kukiri kwamba palipokuwa na hatari kubwa zaidi, busara ilikuwa kuondoka.

Ndani ya nyambizi yenyewe wengi hawakuifurahia kazi ya usiku ule, na Eck aliihisi hali hiyo. Alizungumza na mabaharia wake kwa kipaza sauti, akawaambia kwamba uamuzi ulikuwa mgumu, na kwamba ikiwa watatawaliwa na huruma wawakumbuke pia wake na watoto wao wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege. Eck alitoka Hamburg, mji uliochomwa kwa mashambulio ya anga ya Julai 1943 ambamo makumi ya maelfu ya raia waliangamia, na sina shaka kwamba aliyasema maneno hayo kwa uchungu wa kweli. Lakini tuyaangalie vizuri. Ikiwa kilichofanyika kilikuwa hatua ya kiufundi ya kukiokoa chombo, wake na watoto wa Hamburg wanahusikaje? Mabaharia wa Peleus hawakuwa na ndege. Nadhani kipaza sauti kile kilibeba ungamo ambalo msemaji hakulikusudia, kwamba sababu ya usalama haikutosha hata masikioni mwake, na ilibidi izibwe pengo kwa kisasi.

Katika watu wote wa mkasa huu, anayenishughulisha zaidi ni Lenz. Aliposikia amri aliipinga mbele ya kamanda wake, jambo ambalo katika jeshi lile halikuwa dogo. Akashuka chini kwenye mashine zake, na angaliweza kubaki huko. Baadaye alipanda tena juu, akamkuta baharia Wolfgang Schwender akiwa ameshika rashasha, na akaichukua kutoka mikononi mwake akapiga yeye mwenyewe. Maelezo aliyoyatoa ni ya ajabu na ya kusikitisha: alifikiri kwamba mbele yake yuko yule Mgiriki waliyemhoji na kupata habari kwake, na kwamba haifai mtu huyo auawe na askari ambaye yeye Lenz alimwona ni askari mbaya. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi. Ndani yake mna adabu, heshima ya afisa kwa afisa, na mna hata chembe ya aibu. Na vyote hivyo vikafinyangwa vikawa risasi. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kisa hiki ni cha mtu mmoja mwovu na watumishi wake. Lenz alijua. Alikuwa amekwisha kusema hapana kwa kinywa chake, na ilipofika wakati wa kutenda, hapana ile haikushuka hadi mikononi.

Daktari wa nyambizi, Walter Weisspfennig, ni habari nyingine. Sheria za vita zilimlinda daktari kwa sharti kwamba hashiriki mapigano. Yeye alipewa rashasha akaipiga, na ilipokwama August Hoffmann, afisa wa zamu wa pili, akaishika. Wote wawili walijitetea kwa amri ya mkubwa wao.

Utetezi huo wa amri ulikuwa umekwisha jibiwa zaidi ya miaka 20 kabla, tena na Wajerumani wenyewe. Mwaka 1918 nyambizi U-86 iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, kisha mashua za manusura zikapigwa. Kamanda wake, Helmut Patzig, hakufikishwa mahakamani, lakini maofisa wake wawili, Dithmar na Boldt, walishtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Ujerumani huko Leipzig mwaka 1921. Mahakama hiyo ilisema kwamba askari hubeba hatia anapotii amri ambayo kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, anajua bila shaka yoyote kuwa ni kinyume cha sheria, na kwamba kuwaua wasiojiweza ndani ya mashua ni amri ya namna hiyo. Mwaka 1936 Ujerumani ilijiunga pia na itifaki ya London, iliyotaka nyambizi isiizamishe meli ya biashara kabla abiria na mabaharia hawajawekwa mahali salama. Itifaki hiyo ilivunjwa na pande zote vitani. Kanuni ya Leipzig ni jambo tofauti, kwa kuwa haihusu namna ya kuzamisha meli; inahusu mtu aliyekwisha kuzamishiwa meli yake.

Sina budi kuleta hapa kisa kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mtu makini anaweza kukitumia kumtetea Eck, naye anastahili jibu. Tarehe 12 Februari 1944, mwezi mmoja tu kabla ya Peleus, meli Khedive Ismail iliyokuwa ikisafiri katika msafara kutoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa manusura, na manowari za Uingereza zilizoulinda msafara, Petard na Paladin, zikaisaka hapohapo. Mabomu ya kina yaliangushwa katika maji yenye watu. Wako walioponea torpido ya Kijapani wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe.

Je, hiyo nayo si ulazima wa kivita uliowaua wasiojiweza? Ndiyo, na uchungu wake haupunguzwi na maelezo yoyote. Lakini I-27 ilikuwa hai, ina silaha, na karibu yake kulikuwa na meli nyingine zilizojaa watu ambazo ingeweza kuzipiga dakika yoyote. Hatari ilikuwa pale, chini ya maji yale, wakati uleule. Vifo vya waogeleaji havikuwa ndiyo njia ya kuizamisha nyambizi. Kama wangeweza kuondolewa kwanza wangeondolewa, na waliobaki waliokolewa na manowari hizohizo. Kwa Eck mambo yalikuwa kinyume. Hakukuwa na adui aliyejificha nyuma ya watu wa Peleus. Hatari yake ilikuwa ya kudhaniwa, ya kesho yake, na njia aliyoichagua ilikuwa ni hao watu wenyewe kutoweka. Ulazima ni neno lenye uzito pale tu ambapo mtu amebanwa pande zote, na Eck alikuwa na bahari nzima ya kuondokea.

Asubuhi ya tarehe 2 Mei, ndege ya Wellington ya Kikosi cha 621 cha jeshi la anga la Uingereza iliikuta U-852 juu ya maji karibu na Pembe ya Afrika na kuishambulia kwa mabomu ya kina. Nyambizi ilizama, ikashindwa kukaa chini kwa sababu ya majeraha, ikaibuka tena, na kwa muda mrefu ikapigana juu ya maji na ndege za kikosi hicho na za Kikosi cha 8. Watu saba wakafa. Eck akaipweleza karibu na Bender Beila, kusini ya Ras Hafun, akajaribu kuilipua, lakini baruti haikuimaliza. Watu 59 walifika pwani wakiwa hoi, baadhi wamejeruhiwa, katika ufuo mkavu ambao hawakuujua. Walikamatwa na wanamaji wa Uingereza pamoja na askari wa Kisomali wa kikosi cha wapanda ngamia, Somaliland Camel Corps. Walichukuliwa mateka, na uhai wao ukasalimika. Nalitaja hilo bila kulipamba, kwa sababu katika habari nyingi za U-852 askari wale wa Kisomali hutajwa kama sehemu ya mandhari tu, ilhali ndio waliotenda usoni pa watu wasiojiweza lile ambalo sheria inalitaka.

Katika mabaki ya chombo Waingereza waliikuta ile Bachstelze ikiwa karibu nzima, na wakaipata pia batli, yaani daftari la kumbukumbu za safari, ambayo ilipaswa kuteketezwa kabla ya kitu kingine chochote. Batli iliunganisha nyambizi ile na maji ambayo Peleus ilizamia. Mtu aliyeua kwa ajili ya kufuta nyayo zake juu ya maji alikuwa ameziandika mwenyewe kwa wino, kwa tarehe na kwa mahali.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, mji wa kwao Eck, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya maofisa wa Uingereza na wa Ugiriki. Manusura hawakufika, ushahidi wao ulisomwa kutoka katika hati za kiapo, na mabaharia wa U-852 wenyewe walisimama kueleza waliyoyaona. Eck, Hoffmann na Weisspfennig walihukumiwa kifo. Lenz alipewa kifungo cha maisha na Schwender miaka 15, na wote wawili walikuwa huru kabla ya mwaka 1952 kwisha. Kuna jambo moja ambalo nampa Eck bila kusita: hakujificha nyuma ya mtu. Alisema amri ilikuwa yake, hakuipokea kwa Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, wala kwa mtu mwingine yeyote. Kauli hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu waendesha mashtaka wa Nuremberg, katika kesi dhidi ya viongozi wa Ujerumani ya Kinazi, walijaribu kuitumia kesi ya Peleus kuthibitisha kwamba amri ya Dönitz ya Septemba 1942, iliyokataza kuwaokoa manusura baada ya mkasa wa meli Laconia, ilikuwa kwa hakika amri ya kuwaua. Mahakama ya Nuremberg haikuona uthibitisho wa kutosha wa kusudi hilo, ingawa iliilaumu vikali amri yenyewe kwa utata wake. Dönitz mwenyewe alisema hawezi kuliunga mkono tendo la Eck.

Wako wanaouliza kwa nini Eck na si wengine, na swali lao ni la haki. Julai 1941, katika maji ya Krete, watu wa nyambizi ya Uingereza Torbay, iliyoongozwa na Anthony Miers, waliwapiga risasi askari wa Kijerumani waliokuwa tayari wamezamishiwa vyombo vyao. Miers hakushtakiwa, na mwaka uliofuata alipewa nishani ya Msalaba wa Victoria kwa tendo jingine. Huo ni upungufu mkubwa wa haki, na naona ni wajibu wa kila anayeandika juu ya Peleus kuutaja bila kumung'unya maneno. Lakini upungufu huo unamdai Miers na waliomnyamazia. Haumwondoi Liossis kwenye chelezo chake, wala haurudishi hata moja ya saa zile tano.

Ushahidi ulioniaminisha zaidi kuliko wote ulitolewa na shahidi wa upande wa utetezi. Schnee, yuleyule aliyemwonya Eck juu ya ndege na mabaki, aliitwa mahakamani aeleze hatari za safari ile, naye alizieleza kwa ukamilifu kama mtu aliyezijua kwa miaka mingi ya vita. Kisha mwendesha mashtaka akamuuliza yeye mwenyewe angefanya nini mahali pale. Schnee alizunguka kidogo. Alisema angejitahidi kuokoa maisha ya watu, kama wafanyavyo makamanda wote wa nyambizi, na kwamba Eck, baada ya aliyoyapitia, alipotewa na ujasiri wake. Akabanwa tena: je, ina maana asingefanya alichofanya Eck? Akajibu kwamba asingefanya.